Kukataliwa Si Kunyamaziwa

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, kuna jibu linalosikika kati ya Masasi na Newala mara nyingi kuliko hata bei ya mnada: mtandao unasumbua. Wakala wa Lukuledi humpa mkulima jibu hilo pesa inapogoma kutoka. Karani wa chama cha msingi huwapa wanachama pale orodha ya malipo inapokataa kufunguka. Karani naye hupewa hilohilo na mtu wa kitengo cha mifumo aliye Dar es Salaam, na yule wa Dar es Salaam, akibanwa sana, huelekeza kidole nje ya nchi. Kila anayelipokea hulipokea kwa unyonge, kana kwamba ni amri iliyoshuka kutoka juu na haina mwenyewe wa kuulizwa. Nadai kuwa jibu hilo limetuibia swali, na swali lenyewe ni dogo: wapi? Mtandao ni vitu vingi vilivyoungwa pamoja, na ni nadra mno vyote kuharibika kwa mpigo. Pana mahali. Wapo watu ambao kazi yao yote ni kupatafuta mahali hapo, na ufundi wao haukuwahi kupata heshima kwetu, kwa sababu ukifanikiwa hauachi kitu cha kushika mkononi: kilichokuwa kimekwama kinaendelea, basi. Sasa ufundi huo unafifia, na unafifia katika zama zinazouhitaji zaidi, zama za programu zinazoendeshwa winguni bila mwenye programu kuwa na seva hata moja anayoweza kuigusa.

Tuifuate safari ya ombi moja. Mkulima wa Lukuledi anataka kujua kama malipo ya korosho zake yameingia. Ombi lake hupanda mnara, huingia kwenye mkongo hadi Dar es Salaam, kisha huzama baharini kuelekea kituo cha data kilicho mbali: labda Cape Town, ambako Amazon ilifungua kanda yake ya kwanza ya Afrika mwaka 2020, labda Ireland, labda Frankfurt. Huko kuna lango linalolipokea na kuamsha kijiprogramu. Kijiprogramu husoma kanzidata, halafu huiuliza benki au kampuni ya simu, ambayo mitambo yake iko Dar es Salaam. Kwa hiyo ombi hurudi lilikotoka, hupata jibu, huenda tena ng'ambo kulikabidhi, ndipo hurudi Lukuledi. Kama kituo hicho kiko Ulaya, ombi limevuka ikweta mara nne kuulizia pesa iliyo katika nchi lilikotoka. Mwanga ndani ya kioo cha faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 10,000 hugharimu milisekunde 100 kwenda na kurudi, na hakuna fundi duniani anayeweza kuzipunguza. Hata hivyo mpango huu wote una sababu nzuri. Tangu Amazon ilipotangaza huduma yake ya Lambda mwezi Novemba 2014, mtu huandika msimbo tu. Kampuni ndiyo inayotafuta mashine, kuiamsha, kuiua, na kudai malipo ya muda uliotumika tu. Kwa zao linalojaza watu miezi minne na kuacha maghala matupu miezi minane, kulipia seva mwaka mzima ni kutupa hela. Vijana wanaojenga mifumo yetu kwa namna hii hawakukosea hesabu. Kilichosahaulika ni kwamba aliyekuondolea mashine hakukuondolea njia.

Ufundi wa kuisoma njia huanza kwa kujua tofauti kati ya kukataliwa na kunyamaziwa, na hapo nitakaa, kwa kuwa ndipo mtu anapopimwa. Kijiprogramu kinapobisha kwenye poti ya kompyuta nyingine, huweza kufunguliwa. Huweza kukataliwa: katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho hurudi pakiti ndogo isiyo na salamu, inayosema hapa hakuna anayesikiliza. Au husubiri. Sekunde tatu, kumi, thelathini, mpaka mwombaji akate tamaa mwenyewe na kuandika kwenye logi kwamba muda umekwisha. Kwa mkulima aliyesimama dirishani kwa wakala, hali hizi mbili za mwisho ni moja, pesa haikutoka, na simu yake huandika maneno yaleyale, jaribu tena baadaye. Kwa fundi ni mbali kama Lukuledi na Lindi. Aliyekataliwa amefika. Amepata ushahidi kwamba mnara, mkongo, bahari, ruta na faiwoli zote ni nzima, kwenda na kurudi, na kwamba upande wa pili kuna mashine hai iliyotamka neno. Ugonjwa uko kwenye mlango wa mwisho: huduma haijawashwa, au namba ya poti imekosewa. Zipo faiwoli zinazokataa kwa sauti badala ya mwenye mlango, na fundi huliweka hilo akilini, lakini hata hapo amejua ni nani wa kumuuliza. Aliyenyamaziwa hajui hata kama alifika. Huenda pakiti ilipotea njiani. Huenda ilifika na jibu ndilo lililopotea. Huenda ilitupwa na mlinzi aliyefundishwa asimjibu asiyeruhusiwa, ili mgeni asijue hata kama ndani kuna watu. Ndivyo kanuni nyingi za ulinzi winguni zinavyofanya kazi. Hutupa, hazisemi.

Na kimya nacho si cha namna moja. Kuna kinachoanza tangu hodi ya kwanza, na kuna kinachoanza katikati ya mazungumzo. Hiki cha pili kimewatoa jasho watu wengi waliounganisha mifumo yao na benki kwa njia ya siri iliyosimbwa. Muunganisho unafunguka, pande mbili zinasalimiana, halafu pale mzigo wenyewe unapotumwa kila kitu kinaganda. Mwanafunzi huandika, inaunganika lakini haifanyi kazi, kisha huanza kuipekua programu yake mstari kwa mstari. Fundi huuliza jambo moja tu: ujumbe mfupi unapita? Ukipita mfupi na kukwama mrefu, si programu. Pakiti ya kawaida hubeba hadi baiti 1,500. Njia iliyosimbwa huongeza vifungashio vyake na kubakiza nafasi ndogo zaidi. Pakiti iliyojaa pomoni haitoshi, hutupwa, na ruta iliyoitupa hurudisha taarifa kwamba mzigo upunguzwe. Lakini mahali fulani njiani kuna mtu aliyefunga taarifa za aina hiyo kwa kudhani anaongeza usalama. Taarifa haifiki, mtumaji anaendelea kutuma mizigo ileile, nayo inaendelea kutupwa. Dawa yake ni namba moja iliyopunguzwa kwenye mipangilio. Kufika kwenye namba hiyo ndiyo kazi.

Chukua pia kimya cha nusu kwa nusu, ambacho kwangu ndicho kigumu na kizuri kuliko vyote. Kampuni za simu na benki mara nyingi hazimfungulii mtu mlango hivihivi; hudai anwani ya IP isiyobadilika, nazo huiandika kwenye orodha ya walioruhusiwa. Kijiprogramu kisicho na seva hakina makazi ya kudumu, kila kinapoamshwa hutoka na anwani itakayokuwepo. Dawa inajulikana: kiwekwe ndani ya mtandao wa binafsi na kipewe lango moja la kutokea lenye anwani ya kudumu. Wapo wanaokiweka ndani na kulisahau lango, wakashangaa kwamba kinasoma kanzidata vizuri lakini kimekuwa bubu kwa dunia. Wengine hukihamishia upande wa mtandao ulio wazi, na hali haibadiliki, kwa sababu hata huko hakipewi anwani ya nje. Hao wako kwenye hatua za mwanzo. Tuseme sasa hayo yamepita, mfumo unafanya kazi, na siku chache kabla ya msimu toleo jipya linapandishwa. Mtu mwangalifu ameongeza lango la pili la kutokea, katika jengo la pili la kituo cha data, ili la kwanza likifa malipo yasisimame. Ni busara tupu. Ila anwani ya lango la pili haikupelekwa kwa kampuni ya simu. Kuanzia saa hiyo karibu nusu ya malipo yanapita na nusu yananyamaziwa, bila kuchagua mkulima, kiasi wala wakati. Mkulima akirudia anafanikiwa. Na kwa kuwa akirudia anafanikiwa, wote kuanzia wakala hadi meneja wataridhika kusema mtandao unasumbua, msimu mzima.

Fundi wa kweli hatafuti kilichoharibika. Huuliza: maombi yaliyoshindwa yana nini kwa pamoja ambacho yaliyofaulu hayana? Huandika kando ya kila ombi lilitokea kwa lango lipi, huyapanga, na jambo lililoonekana kuwa bahati nasibu linasimama mbele yake kama safu mbili za watu. Hakuna chombo kilichomnong'oneza swali hilo. Vyombo vyenyewe ni vya kale na ni vichache. Ping, ambayo hubisha na kupima muda wa jibu, iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi Desemba 1983, kwa jioni moja. Miaka michache baadaye Van Jacobson akaandika traceroute, ambayo hutuma pakiti iliyohukumiwa kufa kwenye kituo cha kwanza, nyingine kwenye cha pili, nyingine kwenye cha tatu, na kila kituo kinapoua hutoa taarifa, hivyo ramani ya njia hujengwa kwa vifo vya pakiti. Na kabla ya hao, tangu mwaka 1879, Zanzibar ilikuwa imeungwa na Aden kaskazini na Durban kusini kwa waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari. Waya za namna hiyo zilipokatika, mafundi hawakutuma meli ikapapase bahari nzima. Waliketi kwenye kituo cha ufukweni wakapima ukinzani wa umeme. Kwa kuwa walijua kila maili ya waya ina ukinzani kiasi gani, waligawa, wakapata umbali wa mkato. Meli ilikwenda mahali palipokwisha kutajwa.

Hesabu hiyo ndiyo inayotumika hadi leo, ila mwanga umechukua nafasi ya umeme. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban, na intaneti ya Tanzania ikadorora kwa siku kadhaa. Hapo, angalau mara hiyo, mtandao ulikuwa unasumbua kweli, na swali la wapi lilijibiwa kwa kilomita, kwa kurusha mwanga kutoka nchi kavu na kupima muda uliochukua kurudi. Lakini hata siku hizo, si kila kilichokwama kilikwamishwa na bahari. Mikato hiyo ilikuwa kwenye njia ya kusini. Kwa njia ya kaskazini kulikuwa na jeraha jingine, maana Februari mwaka huohuo mikongo kadhaa ya Bahari ya Shamu ilikatwa. Aliyejua programu yake iko Cape Town au Ireland, majina yake yanatafsiriwa na seva iliyo wapi, na picha na herufi za ukurasa wake zinaletwa kutoka nchi gani, aliweza kusema nini kitapona kwanza na nini kihamishwe. Asiyejua alingoja meli. Nathubutu kusema kwamba kwa wengi ile ajali ya Mei ilikuwa afueni: kwa wiki nzima jibu lao la kila siku lilipata ukweli wa kuliegemea.

Watu wa uwanda wa juu wa Makonde wana mfano wa haya uliowazunguka tangu miaka ya 1950, pale mradi wa maji ulipoanza kusukuma maji kutoka mabondeni kwenda kwenye vijiji vya juu ambako ardhi hunywa maji yote bila kubakiza hata ya kisima. Bomba refu likikauka mwishoni, fundi wa maji hachimbi kuanzia mwanzo. Huenda katikati akafungua. Maji yakiwepo, nusu ya nyuma yake imesamehewa. Yasipokuwepo, nusu ya mbele inasubiri. Huigawa iliyobaki tena, na tena, na hatua chache zinatosha kwa kilomita nyingi. Fundi wa mtandao hufanya hivyohivyo: kutoka kwenye lango mpaka kanzidata, je, katikati kuna uhai? Tofauti, na ndipo ninapoiona hasara, ni kwamba bomba lina mahali pa kusimama. Zamani seva nayo ilikuwa na mahali pa kusimama. Mtu aliingia ndani yake, akarusha ping, akasikiliza pakiti zikipita kwenye waya, akaona kwa macho. Kijiprogramu cha winguni huzaliwa ombi likifika na hufa muda mfupi baada ya kutulia. Huwezi kuingia ndani yake kwa kuwa hakuna ndani. Ukifika kwenye tukio, shahidi amekwisha kuzikwa. Kwa hiyo ufundi umelazimika kuhamia mwanzoni: kila ombi lipewe namba ya utambulisho tangu langoni, namba hiyo isafiri nalo kila kituo, na kila kituo kiandike kwenye logi kilichopokea, kilichotuma na muda ambao kilingoja. Hitilafu huwindwa kabla haijazaliwa. Na kazi ya namna hiyo, isiyoonekana siku ya uzinduzi, ndiyo inayokatwa kwanza bajeti ikibana.

Gharama ya kuikata huangukia mahali pasipotarajiwa. Kwa miaka mingi lango la Amazon lilikuwa na kikomo cha sekunde 29, baada ya hapo humrudishia mwombaji jibu kwamba muda umepita. Lakini kijiprogramu kilicho nyuma yake huweza kuruhusiwa kuendelea hadi dakika 15. Benki ikichelewa siku ya malipo makubwa, lango linakata tamaa katika sekunde ya 29, karani anaona imeshindikana, anabonyeza tena. Na kule nyuma kijiprogramu cha kwanza, ambacho hakuna aliyekiambia kwamba mwenyewe ameondoka, kinakamilisha malipo katika sekunde ya 40. Cha pili nacho kinakamilisha. Mkulima amelipwa mara mbili, na wiki inayofuata anakatwa, au jirani yake anakosa, na hapo maneno ya mtaani si ya mtandao tena, ni ya wizi. Fundi aliyekomaa hutoa namba moja ya muamala kabla ya kubonyezwa chochote, ili kubonyeza mara kumi kuwe ni kubonyeza mara moja. Ni mistari michache ya msimbo. Nyuma yake kuna miaka ya kujua kwamba kuambiwa imeshindikana si sawa na kushindikana.

Kuna anayepinga, na ana haki ya kusikilizwa. Anasema: mkulima anataka pesa yake, hataki maelezo, kama kuzima na kuwasha, au kupandisha upya toleo la jana, kunarudisha huduma, mnataka afanye nini mtu mwenye foleni ya watu mia mbele yake? Nakubali kwamba huduma hurudishwa kwanza. Daktari wa zamu hawezi kumwacha mgonjwa akitokwa damu ili aandike cheti. Ila kuna dakika mbili kabla ya kuzima, za kuhifadhi logi, kuandika saa, kunakili namba za maombi yaliyokwama, na dakika hizo ndizo zinazotofautisha aliyetibu na aliyeahirisha. Kuzima na kuwasha hufuta eneo la tukio. Toleo la jana likirudishwa bila kujulikana la leo lilikosa nini, litapandishwa tena Ijumaa na kosa lilelile ndani. Na msimu una siku chache. Tatizo linalojirudia kila mnada halihesabiki kuwa limetatuliwa mara tano, limeachwa mara tano.

Wa pili anasema kazi hii ni ya wenye wingu, wenye mabilioni na wahandisi wao, si ya kijana mmoja anayehudumia vyama vya Masasi. Tarehe 20 Oktoba 2025 ilimpa hoja, kisha ikamnyang'anya. Kabla ya saa nne asubuhi kwa saa zetu, kanda kubwa ya Amazon iliyo Virginia ya Kaskazini ilianza kuyumba na kuyumbisha huduma duniani kote. Chanzo kilikuwa kwenye DNS, kitabu cha majina ambacho humwambia kila mtu jina fulani liko kwenye anwani ipi. Mitambo miwili ya kujiendesha yenyewe iliandika kwenye kitabu hicho kwa kupishana vibaya: mmoja uliochelewa uliweka mpango wa zamani juu ya mpya, mwingine ukafuta mpango wa zamani kama ulivyofundishwa, na jina la kanzidata muhimu likabaki bila anwani hata moja. Hakuna kijana wa Masasi ambaye angeizuia. Lakini siku za namna hiyo zinahesabika, na huandikwa kwenye magazeti. Lango lisilo na anwani iliyosajiliwa, cheti cha usalama kilichopita tarehe, kikomo cha sekunde tatu kilichoachwa kama kilivyokuja kiwandani, hivyo haviandikwi popote na hutokea wiki kwa wiki, na vyote viko upande wa mteja. Kampuni huilinda mashine yake. Njia uliyoichora mwenyewe ni yako.

Wa tatu ndiye ninayemwogopa, kwa kuwa anazungumza kwa upole. Anasema kila kizazi hulilia ufundi wa jana, na kwamba leo kuna vyombo vinavyosoma logi milioni na kutaja kosa kabla binadamu hajavaa miwani. Ni kweli vipo, na vinafanya vizuri penye logi. Lakini chombo husoma kilichoandikwa, na ugonjwa wa kimya ni ugonjwa wa kisichoandikwa: pakiti iliyotupwa bila taarifa, anwani ambayo haikupelekwa, barua pepe kati ya ofisi mbili ambayo haikuandikwa kwa sababu mtu alikuwa likizo. Tena chombo hujibu swali, na aliyezoea kutouliza wapi hatakiuliza nacho. Wala sisemi jana ilikuwa nzuri. Daftari la ghala lilikuwa na mafuta ya taa na herufi zisizosomeka, na wapo waliopoteza magunia ndani ya daftari hizo wasiyaone tena. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia kwenye korosho mwaka 2007, karatasi ndiyo iliyoubeba, na karatasi ilikuwa na uongo wake.

Lakini jana ilikuwa na jambo moja ambalo sioni likirithiwa. Mnada wa korosho wa zamani ulikuwa wa sanduku la zabuni: bahasha zilizofungwa, zikifunguliwa na kusomwa mbele ya wakulima wenyewe. Bahasha ikikosekana, ilijulikana imekosekana mbele ya nani na saa ngapi. Tangu msimu wa 2024/2025 mnada unaendeshwa kwa njia ya mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na mnunuzi anaweza kushindania bei akiwa popote, jambo ambalo mkulima wa Newala hana sababu ya kulichukia. Kadiri shughuli nzima, kuanzia mnada mpaka malipo, inavyohamia mahali pasipoonekana, ndivyo inavyotegemea zaidi watu wachache wanaoweza kuipekua, nasi hatuwatengenezi. Vyuo hufundisha kujenga na kupandisha. Mtihani wa kutafuta kilichovunjika ni adimu. Ufundi huu hujifunzwa kwa kukaa kando ya mwenzako usiku wa mkwamo na kumwona akikataa kubahatisha, na siku hizi kila mtu yuko kwake, nyuma ya skrini yake, akihudumia kipande kimoja cha kampuni moja, na vipande vikigombana hakuna anayeviona viwili kwa pamoja.

Halafu hatuandiki. Amazon ilichapisha, siku chache tu baada ya ule mkwamo wa Oktoba, maelezo marefu ya mtambo upi ulichelewa, upi ulifuta nini, na kwa mfuatano gani, ingawa kila mstari ulikuwa aibu kwake. Kwetu malipo ya mnada yakikwama siku tatu, hutoka tangazo la kuomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza, na kwenye jedwali la ndani, kwenye safu ya sababu, hujazwa neno moja, mtandao, kisha tatizo hufungwa. Mtu aliyekesha akagundua kwamba ilikuwa anwani ya lango la pili huhamia kazi nyingine na jibu lake kichwani. Anayekuja baada yake anaanza msimu wake wa kwanza bila ukurasa hata mmoja wa kusoma, wakati orodha ya walioruhusiwa kwenye kampuni ya simu ina anwani ambazo hakuna aliyebaki anayejua ni za nani, na hakuna anayethubutu kuzifuta.